Ushuru wa Samli

Mwaka ule debe la samli kutoka Kisimayu
lilifika forodhani Amu likiwa limekuwa geni.
Harufu haikubadilika. Kutu ilikuwa ile ile ya ukingoni,
kitambaa cha mdomoni kilikuwa kisutu cha Mwanamize,
na fundo lilikuwa fundo la mama yao, la mkono wa kushoto.
Lakini karani Msellem alilizunguka mara mbili
kama mtu akaguaye ng'ombe wa mahari,
akalowesha penseli ya zambarau kwa ulimi,
akauliza: "Latoka nchi gani?"

Bibi yangu Somoe akasema: "Latoka kwa dada."

"Hakuna safu ya dada," akasema karani,
na nasikia alisema kwa haya, maana mkewe
alikuwa mtu wa Kisimayu.
Akachovya brashi katika rangi nyekundu,
akaliandika debe namba: 41.

Mambo yalikuwa hivi, au ndivyo nilivyoyasoma
miaka sabini baadaye, ngomeni,
katika jalada ambalo mchwa walinitangulia kulisoma:
vita vikubwa vilipokwisha, wakubwa walikaa Ulaya
kwenye meza ndefu, wakakunjua ramani.
Mtaliani akasema, niliahidiwa.
Zikapita barua, vikapita vyakula vya jioni, ikapita miaka,
na Mwingereza akatazama alichonacho kisichomuuma,
akaiona Jubalandi.
Akaitoa, kama mtu anayetoa sadaka
kuku wa jirani.

Hakuna aliyetaja samli mezani. Nimetafuta.
Nimetafuta pia jina la Shebwana, kaka yao,
aliyechukuliwa Kariakoo kubeba mizigo ya vita
akaachwa mahali fulani kusini ya Rufiji,
kaburi lake halikupimwa na mtu.
Wapimaji walikuja baadaye, kwa kazi nyingine.

Bibi alikuwa akisema: vita vilimla kaka,
haya, vita vina meno.
Lakini amani, amani nayo ilikuwa na njaa gani?

Lali wa Skanda ndiye aliyewashikia mnyororo,
toka Ras Kiamboni kuingia vichakani.
"Nilimuuliza mzungu: nikipiga chafya, nchi itasogea?
Akaniambia nisimame sawa."
Alidai usiku mmoja aling'oa kigingi
akakisogeza hatua tatu
ili kisima cha shangazi yake kibaki upande wetu.
Lali alikuwa muongo wa kusifika;
alidai pia kwamba aliwahi kula papa mzima peke yake.
Papa simwamini.
Kisima, naomba kiwe kweli.

Somoe alilipa. Alilipa kwa shilingi,
rupia zilikuwa zimekufa bila matanga.
Akalibeba debe mwenyewe hadi Langoni,
akapika wali, akawaita hata asiosemezana nao,
kisha akamkalisha mwanawe mwenye hati nzuri
na kumtamkia, huku akilamba vidole:

*Samli yako nipete, muhuri wa sirikali,*
*Nimeipikia wote, utamu ni wa awali,*
*Mpaka wao upite, majini hata jabali,*
*Tumbo moja sisi sote, haligawanyiki hili.*

Jibu lilikuja baada ya Ramadhani mbili,
juu yake stempu ya mfalme mwenye masharubu
ambaye hakuna mtu Langoni aliyemjua.
Watu walijaa ukumbini kusikiliza.
Mwanamize alikuwa mshairi kumshinda dada yake,
wote walijua hivyo, walitarajia beti kumi na mbili.
Aliandika mstari mmoja:

"Nirudishie debe langu."

Basi. Hakuna salamu. Wapo waliocheka,
wapo waliosema ana uchungu, wengine
kwamba huko madebe yalikuwa adimu.
Bibi aliikunja barua ile ikawa ndogo kama hirizi
na hakumweleza mtu alivyoielewa.
Debe hakulirudisha. Kila mwaka angelirudisha mwaka ujao,
ushuru ukishuka, mguu ukipona,
mpaka aliyekuwa akilidai akafa upande ule
na habari ikachukua miezi minne kuvuka.

Liko uani kwangu. Chini limetoboka,
nimepandia mrehani.
Moja imefutika, nne bado yasomeka,
nami, mjukuu, sijui nilipeleke kwa nani.